Bi Kheiria na Sura Mpya ya Vidole Kumi

Wifi yangu Kheiria akikaa kupiga chapa hatazami mikono. Hutazama karatasi iliyo ubavuni, na mara nyingi huwa anazungumza na mtu huku vidole vinakwenda zao, kama mwanamke anayechambua mchele na huku anasimulia harusi ya jana. Mumewe, kaka yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kuwa mke wake ana akili mbili, moja kichwani na moja kwenye ncha za vidole, na ile ya vidoleni ndiyo isiyomgombeza.

Kazi hiyo aliisoma Unguja akiwa msichana, na tulipohamia huku Omani ikawa ndiyo iliyomweka. Ofisi yake ilikuwa Maskati yenyewe, ndani ya ukuta. Kila asubuhi alitoka hapa kwetu Bustan na mkoba wake wa mkono, na ndani ya mkoba kanga moja iliyokunjwa. Kanga hiyo haikuwa ya kusalia, ilikuwa ya kufundishia. Wakiajiriwa wasichana wapya, Kheiria alikuwa akiwafunika mikono, mashine na mikono yote chini ya nguo, kisha anawaambia, "Haya, piga. Jicho likitaka kuchungulia, likutane na maua." Wasichana walicheka, walilalamika, wengine walilia kidogo. Baada ya muda ukiwaona wanapiga Kiarabu kwa mashine moja na Kiingereza kwa ya pili, shingo zimesimama kama za twiga.

Kompyuta zilipoingia maofisini, miaka ya tisini, wenzake waliogopa. Walisema ndio mwisho wa riziki. Kheiria alikigusa kile kitu, akapiga herufi mbili tatu, akasema, "Ni zile zile. Kilichobadilika ni kuwa ukikosea hupaki wino mweupe." Akavuta kiti akakaa.

Katika ofisi ile alikuwa akija kijana wa Kikenya, Ivan, kutengeneza kompyuta zikigoma. Kijana mpole, Mkristo, akikaa Bawshar na wenzake. Siku moja alimkuta Kheiria kamfunika msichana mikono kwa kanga, na jambo lile likamkaa moyoni. Akenda akaandika programu ya kufundisha kupiga chapa. Picha ya herufi inaonekana, inafifia kidogo kidogo, kisha inafunikwa kabisa, na mwanafunzi anabaki na vidole vyake. Akaiita Vidole Kumi. Masomo ya Kiswahili na ya Kiarabu akamwomba Kheiria ayaandike, na Kheiria, aliyekuwa karibu kustaafu, akayaandika yote.

Mie nilipouliza inauzwa kiasi gani, nikaambiwa haiuzwi.

"Ya bure?" nilimwuliza Ivan siku alipokuja kwetu.

"Ya bure, mama, na iko wazi. Ni programu huria. Mtu yeyote anaweza kuifungua aone vile imeandikwa, abadilishe anachotaka, apatie na wengine."

"Kama mpishi anayekupa pilau, na akakupa na namna alivyoipika?"

"Na akakukubalia uongeze pilipili yako."

"Mpishi huyo hapa mjini hayuko," nikamwambia.

Kheiria akacheka. "Elimu yenye kunufaisha watu, wifi. Ukifa unaendelea kuandikiwa thawabu. Umesahau?"

Sikusahau. Toka siku hiyo nikawa nawaletea chai wakifanya kazi, nipate na mie sehemu yangu.

Programu ikaenea. Wakaitumia wasichana wa Salala, akaitumia mwalimu mmoja wa Pemba na darasa lake, wakaitumia watu wa nchi ambazo mie sizijui hata ziko upande gani. Baadhi yao wakawa wasaidizi, wanarekebisha hiki na kile kutoka huko huko waliko, na wote wanaandikiana kwa barua pepe. Lakini tovuti, pale mahali pa kuichukulia hiyo programu, ilikuwa kituko. Nyeusi tupu, maandishi ya kijani, na pembeni nyota inazunguka bila ya sababu. Pa kupakulia palikuwa chini kabisa, pamejificha kama chooni kwa watu. Kila mara zinakuja barua: naomba mnionyeshe mlango uko wapi.

Basi wakakubaliana watafute sura mpya. Aliyetaka alileta mchoro wake. Wakabishana kwa barua, huyu anapenda hiki, yule hataki kile, mpaka ikabaki michoro miwili. Mmoja ulikuwa wa Jackie, msichana wa Kikenya aliyekuwa akichora mabango ya maduka kule Ruwi. Wa pili ulikuwa wa Ruba, aliyekuwa chuoni akisomea mambo hayo hayo ya kuchora kwa kompyuta.

Na Ruba ndiye tuliyempelekea posa.

Ghanim, mtoto pekee wa Kheiria, alikuwa akimtaka binti huyo kwa moyo wake wote. Ni mtoto wa Bi Shariffa wa Bawshar na Bwana Suud, watu wazuri, wenye kujiheshimu, na Bi Shariffa anajiheshimu zaidi kidogo. Posa aliipeleka kaka yetu mkubwa, Marwan. Jibu lilikuwa halijaja. Kijana wa watu alikuwa hali akashiba, na simu ikilia anaikimbilia kama inaungua.

Katika hali hiyo ndipo Ivan alipokuja Bustan, uso umejaa furaha.

"Mama Ghanim, kura zimegawanyika nusu kwa nusu. Tumekubaliana wewe ndiye utaamua."

"Kwa nini mie?"

"Masomo ni yako, na wengi wanaotumia ni watu wako. Halafu hakuna mtu anaweza kubishana na wewe."

"Hilo la mwisho ndilo la kweli," nikasema. Kisha nikamweleza Ivan kuwa mmoja wa wachoraji wawili hao huenda akawa mkaza mwana wa nyumba hii, na huenda asiwe.

Ivan akashika kichwa. "Haiya! Sasa si nitafute mtu mwingine?"

"Wa nini?" Kheiria akamjibu. "Nimeulizwa mie, ntajibu mie. Niachie hiyo sahani yenye michoro."

Ivan alikuwa ameileta michoro yote miwili kwenye sahani ya kompyuta. Alkhamisi, wanawake wa mtaani walipokuja kwetu kwa darsa, tukasoma, tukaomba dua, na kahawa ilipokwisha kumiminwa Kheiria akaifungua kompyuta pale pale barazani kwetu ndani.

Akatanguliza sura ya Ruba. Ukatokea mkono wa mwanamke uliopakwa hina, umejaa kioo kizima, ukakunjuka kidole kidole kama ua linalochanua. Kila ncha ya kidole pana herufi, na ukigusa kidole kinakupeleka mahali.

"Mashaallah, tabarakallah!" akasema Khawla, jirani yetu wa mlango wa pili. "Mkono wa bibi harusi!"

Nasriya, yeye mambo ya watu hayampiti, akaniinamia. "Ndiyo ya yule mtoto wa Shariffa?"

Nikaitika kwa kichwa. Hapo sifa zikafunguliwa kama bomba. Rangi, sijapata kuona. Hina, imekolea. Vidole, vyembamba, vya mtoto wa watu.

Kheiria akaweka ya Jackie. Nyeupe. Juu jina, chini yake maneno machache ya kueleza, na upande wa kushoto kitufe kimoja kikubwa cha buluu: Chukua hapa.

"Safi," Nasriya akasema. "Kama ukuta wa hospitali."

"Haya Nasriya, kaa hapa. Nataka unifikie kwenye somo la kwanza. Anza na ya mkono."

Nasriya akakaa. Akagusa kidole gumba, akapelekwa kwenye khabari za namna programu ilivyoanza. Akagusa kidole cha mwisho, yakatoka majina ya wasaidizi. Akarudi, akagusa cha kati.

"Kiko wapi?" Kheiria akamwuliza.

"Sijui, lakini nzuri!"

"Jaribu hospitali."

Kabla sijammiminia Khawla kikombe cha pili, Nasriya alikuwa keshafika kwenye somo, anapiga herufi kwa kidole kimoja kama kuku anayedonoa, na amefurahi nafsi yake.

"Sasa niambie. Ipi bora?"

"Ya mkono," Nasriya akasema bila ya kusitasita.

Wakaulizwa wote, mmoja mmoja, na wote wakasema ya mkono. Hakuna aliyecheka, kwa sababu kila mmoja wetu angejibu hivyo hivyo. Ni muhali, kuoneana haya. Mtoto wa watu, posa iko njiani, nani atakayefungua mdomo aseme kazi yake ina kasoro? Kwetu ukialikwa chakula kikazidi chumvi, utakula, utasifu, na utaomba maji. Kheiria hakuwalaumu. Akawashukuru, akaizima kompyuta.

Walipoondoka akaijaribu tena peke yake, safari hii si kwenye sahani bali kwenye intaneti, ambako Ivan alikuwa ameiweka pia. Wakati ule intaneti ya majumbani ilipitia waya wa simu. Ukiingia wewe, simu ya nyumba inakufa. Aliniita kuangalia. Kitufe cha buluu kilitokea papo hapo. Mkono wa hina haukutokea. Tulikwenda kukanda unga, tukarudi, umefika nusu ya kidole.

Jikoni nikamwambia yaliyokuwa yamenikaa kifuani.

"Sali istikhara, wifi."

"Istikhara ya nini? Hiyo ni ya jambo usilolijua kheri yake iko upande gani. Hili nimeliona kwa macho yangu."

"Basi ngoja. Lije jibu la posa kwanza, ndipo useme."

Kheiria akaitoa mikono kwenye unga. "Nikingoja waseme ndiyo, kisha ndipo nikatae kazi ya mtoto wao, ntakuwa nimewahadaa. Na nikiichukua leo, ntakuwa nimewapa rushwa, na rushwa yenyewe si mali yangu. Ni ya yule mwalimu wa Pemba anayengoja mkono ukunjuke. Wifi, mie nimeitwa kutoa ushahidi. Tumeambiwa tuutoe kwa haki hata ukiwapata jamaa zetu. Hatukuambiwa, isipokuwa wakwe."

"Na Ghanim?"

"Ghanim huyo hapo mlangoni, tumwulize."

Kweli, alikuwa amesimama, amekuja kutafuta mkate. Amesikia yote. Akajikuna shingo.

"Mama, haiwezekani kuchukua zote mbili?"

"Nyumba moja, na milango miwili ya mbele? Mgeni ataingilia wapi?"

Kisha akauliza, "Ingekuwa huyu si mtoto wa Bi Shariffa, ungesemaje?"

"Ningesema Jackie."

"Basi sema."

Sauti ilikuwa ya kiume, lakini mkate aliuacha.

Sasa ikabaki namna ya kuwaambia. Ndiyo, Ruba angeisoma khabari kwenye barua za wasaidizi, lakini Kheiria hakutaka iwafikie hivyo. Nikamwambia nitume mie. Kwetu maneno mazito yana mtu wa kati. Anakwenda, anazungusha, anaeleza bila ya kutaja.

"Wewe utazungusha mpaka yawe mazuri," akanambia. "Ntakwenda mwenyewe. Wewe nisindikize."

Hili lilinitia khofu kuliko yote. Posa ikishakwenda, upande wa mwanamume hukaa kimya. Mama wa kijana hatii mguu kwa watu mpaka aitwe. Akenda bila ya kuitwa, moja katika mawili: ana haraka au kaghairi. Lakini nikavaa, nikamfuata. Ghanim alituendesha mpaka Bawshar, akabaki ndani ya gari chini ya ukuta wa nyumba yao, amejikunyata kama mwizi.

Bi Shariffa alipotuona uso ulimbadilika, akaurudisha haraka. Akatukaribisha, akatuuliza hali, na sisi tukamwuliza, na watoto, na wakubwa, na Unguja, na joto. Haluwa ikaja, kahawa ikaja. Kheiria alikunywa kikombe chake, akakitikisa kuonyesha imemtosha, akakiweka.

"Bi Shariffa, sikuja kwa posa. Hiyo iko kwenu na mna haki ya kuitazama mtakavyo. Nimekuja kwa jambo la Vidole Kumi. Nna maneno na Ruba, na nataka na wewe uwepo."

Ruba akaitwa. Msichana mrefu, mwenye miwani, mtandio umekaa vyema, na jicho lenye kumtazama mtu sawasawa. Akatuamkia, akakaa.

"Mwanangu," Kheiria akamwambia, "nimeulizwa nichague. Nimechagua ya Jackie. Nimeona uisikie kinywani mwangu kabla ya kuisoma."

Kikombe cha Bi Shariffa kikasita hewani. Mie nikawa nasoma yote niliyoyajua moyoni.

"Kwa nini?" Ruba akauliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama anayetaka kujua.

"Watu wanapotea kwenye vidole, hawajui kipi kinawapeleka wapi. Na kwa waya wa simu ule mkono hauji."

"Watu wanaingia kwa macho, Bi Kheiria. Kitu kikiwa hakipendezi, hata mlango hawaugusi. Na chuoni kwetu unakuja mara moja."

"Kupendeza, unapendeza, na hilo sisemi kwa kukufurahisha. Lakini hapa nyumbani umepata kuufungua?"

Ruba akatazama chini. "Hapa, hapana."

"Tuufungue!" Bi Shariffa akasema, na tayari kasimama. "Kwani kwetu pana nini?"

Tukaingia chumba cha pili. Simu ikalia ule mlio wake wa paka aliyekanyagwa. Bi Shariffa akakamata kiti mwenyewe, mgongo umenyooka. Ikatokea ncha ya kidole, baadaye kidogo ukucha.

"Mashaallah," Bi Shariffa akasema. "Ukucha huo."

Tukangoja. Likatokea jengine, tukalidhania kidole kumbe ni ua la hina. Kahawa ikaletwa huku huku. Ikaadhiniwa alasiri. Tukasimama, tukasali pale pale sote, bega kwa bega, na mie katika sijda nikamwomba Mola atutoe nyumba ile kwa salama. Tuliporudi kwenye kioo, vidole vilikuwa vinaonekana na kiganja bado.

"Unakuja," Bi Shariffa akawa anauambia, kwa sauti ya kubembeleza mbuzi. "Unakuja, unakuja."

Ghafla ikasikika sauti ya kiume ukumbini. Tukaweka sawa nguo zetu. Ni Bwana Suud, katoka kazini, anasema kutoka mlangoni bila ya kuingia: "Jamani, simu yenu imekufa? Napiga na kupiga! Nani kaikalia?" Akaunyanyua mkono wa simu iliyoko kule ukumbini kuijaribu, na waya ukakatika. Mkono wa hina ukatoweka wote.

Kisha Ruba akasema polepole, "Ningekuwa mie mgeni, ningeondoka kwenye ule ukucha wa mwanzo."

Akavuta kiti, mama yake akampisha. "Ya Jackie iko wapi?" Simu ikarudishwa, Kheiria akamwonyesha. Ikafunguka. Ruba akaikazia macho. "Ya Kiarabu?" Ikafunguka. Akainama mpaka miwani inakaribia kugusa kioo.

"Kitufe wamekiacha upande wa kushoto. Anayesoma Kiarabu jicho lake linaanzia kulia. Na hizi herufi hazikuungana, kila moja imesimama mbali na mwenzake. Hamkuona?"

Kheiria akasogea. Akatazama sana. "Sikuona. Mie nilishughulika na mlango wa Kiswahili."

"Mtu wa Salala akiona hivi atadhani mashine yake mbovu."

"Umesema kweli. Ntamwandikia Jackie."

"Mwandikie," Ruba akasema. Akainuka, akakusanya vikombe, akenda navyo jikoni, hakurudi tena.

Bi Shariffa akatusindikiza. Maneno yake yalikuwa machache. "Basi, Bi Kheiria, mmekuja mpaka kwetu kutwambia kazi ya mtoto wetu haifai."

"Kazi moja, Bi Shariffa. Nimekuja mwenyewe ili isiwafikie kwa midomo ya watu. Na posa yetu iko pale pale ilipo. Hili si mlango wa lile."

"Tutatazama."

Tukatoka. Na kwa watu wetu mgeni hatoki hivi hivi. Chetezo huletwa, anafukizwa udi, anaondoka na harufu ya nyumba aliyotoka. Sisi chetezo hatukuletewa. Tulipofungua mlango wa gari Ghanim alivuta pumzi mara moja tu, udi hakuusikia. Akatia gari moto.

Usiku ule ule Kheiria akamwandikia Ivan: sura ya Jackie, na hizi ndizo kasoro za ukurasa wa Kiarabu, na aliyeziona ni Ruba binti Suud, msisahau kuandika jina lake.

Mtaani khabari ilitangulia kufika. Kwenye darsa nyengine Nasriya alinivuta pembeni. "Kweli Kheiria kamwacha mke wa mwanawe kwa ajili ya kompyuta?"

"Muulize mwenyewe, si huyo hapo."

"Mie nna adabu zangu," akasema Nasriya, akajaza haluwa kinywani.

Ijumaa wakaja Ivan na Jackie. Jackie msichana mchangamfu, kaja na keki aliyoipika mwenyewe.

"Mama, nilivyosikia yule mwingine ni mkwe wenu, nikajua basi, mimi nimeanguka. Nilikuwa nishaanza kutoa vitu vyangu."

"Bado si mkwe wetu," Kheiria akamwambia.

"Woi, pole."

"Pole ya nini? Kata keki. Na hizi herufi za Kiarabu, ulizipata wapi?"

Jackie akaficha uso kwa mikono. "Nilikuwa nanakili tu kama picha. Sikujua zinashikana." Akakaa na Kheiria mpaka magharibi, kitufe kikahamia kulia, herufi zikashikana mikono. Tovuti ikafunguliwa. Barua za kuuliza mlango zikakoma, zikaanza barua za kuuliza mambo ya maana.

Lakini kwa Bi Shariffa kimya. Ghanim akakonda. Mie nilikuwa namtazama wifi yangu nione kama anajuta. Anasali sala zake, anamwagilia mirehani yake, jioni anakaa kwenye masomo yake, na shingo ile ile. Nilipomchokoza alinambia, "Wifi, nimemwambia msichana wa watu kweli ndani ya nyumba yao, mbele ya mama yake. Wakimtoa kwetu, atakuwa wetu. Wasipomtoa, mwanangu hakupata mke, lakini hakumpata kwa hila pia. Mie nalala usingizi."

Na kweli alikuwa akilala. Aliyekuwa halali ni mie.

Ikawa siku moja baada ya sala ya Ijumaa, kaka Marwan akaingia, akavua kofia, akaiweka gotini. Kajaa mshangao.

"Bwana Suud kanishika mkono msikitini. Wamekubali."

Nikapiga kigelegele, akaniinulia kiganja. "Ngoja, weye. Mtoto ana sharti."

"La kusoma?" nikasema. "Asome! La nyumba yake mbali?"

"Kusoma kasema atasoma, hilo hata hakulifanya sharti. Na nyumba hakuitaja. Sharti lake," akaitazama kofia yake kama limeandikwa mle, "ni kuwa wakwe zake wasimsifu kwa muhali. Kitu chake kikiwa kibaya aambiwe. Na chetu kikiwa kibaya, aruhusiwe kusema. Nikamwuliza Bwana Suud, na hili tuliandike kwenye ndoa? Akanambia, 'Mie mwenyewe limenishinda. Mamake kakasirika wee, mtoto kasema watu waliomwendea wengine wote walimsifu kabla ya kumjua, hawa ndio wa kwanza waliomtazama. Hataki nyumba nyengine.'"

Ghanim alikuwa kasimama nyuma ya pazia. Tulisikia kitu kimeanguka.

"Mwambie tumelikubali," Kheiria akasema. Macho yalikuwa yamemjaa maji, lakini sauti imesimama. "Na mie nna sharti lile lile kwake."

"Na mie?" nikauliza.

"Wewe, wifi, Mungu atusaidie."

Ndoa ikafungwa. Bi Shariffa alikuja kichwa juu, udi unamtangulia, na kila aliyekaa naye alimweleza kuwa ule ukurasa wa Kiarabu wa Vidole Kumi alioutengeneza ni mwanawe, bila yake wangeaibika. Kheiria aliyasikia, akaitikia, "Kweli kabisa." Maana ilikuwa kweli.

Fungate ilipokwisha wakaja kukaa nasi Bustan kwa muda. Asubuhi moja nilimkuta Ruba amekaa kwenye kompyuta ya mkwewe, anajifunza kupiga Kiarabu. Kheiria yuko nyuma yake anakunja nguo.

"Mama, hili somo la tatu halifai."

Mie nikajishughulisha na birika. Kheiria akaacha nguo.

"Halifai vipi? Hilo nimelifundisha miaka yote."

"Kidole kidogo kinachoka. Umekipa maneno yote magumu pamoja. Mtu ataacha hapa hapa."

Kheiria akavuta kiti, akakaa karibu naye, bega kwa bega. Akayafumba macho, akalipiga somo lote juu ya meza tupu, midomo inakwenda. Alipofika katikati akasita, akakinyoosha kile kidole kidogo, akakikunja, akakinyoosha tena.

"Sogea," akamwambia. "Tulifute tuliandike upya."